Asumini ya debeni: majani tele, maua hakuna

Dada wa Langoni, umeuliza kwa nini asumini yako ya debeni haitoi maua. Asumini inayojaa majani bila tumba hata moja mara nyingi imekosa jua au imeshiba samadi. Kiwanda cha ndani (uwanja wa katikati ya nyumba) ulikoiweka kina kivuli mno. Lipandishe debe darini lipate jua kwa muda wa saa 6 kila siku, na samadi uiache miezi miwili. Majivu pia usitie, mchanga wetu wa matumbawe una chokaa ya kutosha.

Kisha pogoa mmea, wala usiuonee huruma. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kata theluthi ya kila tawi, juu kidogo ya kifundo cha majani. Ncha za majani zikikauka rangi ya kahawia, mara nyingi hiyo ni chumvi ya maji ya kisima. Mara moja kwa wiki mwagia maji ya mvua mpaka yatoke chini ya debe (natumai umelitoboa!).

Kuchuma ndipo wengi hukosea. Chuma baada ya alasiri, tumba likiwa jeupe, limevimba, bado limefumba. La kijani halifunguki tena. Yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Yataanza kuchanua usiku ukiingia, na asubuhi yanageuka rangi. Ukitunga kikuba (kishada cha kunukia cha kujipamba) pamoja na rihani na mkadi, pitisha sindano kwenye kikonyo. Ukitoboa petali, zinapiga weusi kabla hujatoka nyumbani.