Jamani msitupe dableti zenu

Juzi dada mmoja anayesoma masters ya kinga ya mwili kanitumia meseji ndefu, anataka kubadili topiki maana chuoni kwao hakuna hadubini ya fotoni mbili, sasa ataonaje seli zikigusana? Namwelewa kabisa. Mimi nilipopeleka proposo, mzee mmoja kwenye paneli alisema mbele ya watu kwamba dableti, yaani seli mbili zilizoshikana ambazo mashine inazisoma kama moja, ni takataka, hata mtoto wa mwaka wa kwanza anajua zinakatwa kwenye geti la kwanza, ule mchujo wa mwanzo wa data. Watu wakacheka. Inaniuma mpaka leo, ila wiki iliyopita abstrakti yangu imekubaliwa, na ni ya dableti hizohizo, tena kwa flo saitometa, mashine inayopitisha seli mojamoja mbele ya leza na kupima mwanga wake, ileile ya kugombania foleni.

Iko hivi. Kwenye ile grafu ya eneo na kimo cha mwanga, seli mojamoja zinakaa kwenye mshazari, zilizoshikana zinachomoka pembeni na wote tunazifuta bila kufikiri. Burel na wenzake hawakuzifuta, wakachapisha kwenye eLife 2019 kwamba seli T zilizoshikana na monosaiti (zote ni aina za seli nyeupe za damu) zipo kwenye damu ya watu, na wingi wake unabadilika mtu akiwa na TB au dengi. TB na dengi jamani, si magonjwa yetu haya!

Najua kuna mbinu ya LIPSTIC ya 2018, ile ya kimeng'enya cha bakteria kinachoacha alama ya biotini kwenye seli iliyoguswa, ni tamu sana lakini inataka panya waliobadilishwa jeni, na wewe una mirija ya damu na friji. Basi anza na ulichonacho.

Kazi yenyewe ni kuthibitisha kwamba seli zilishikana mwilini, hazikugandana kwenye mrija wako. Gawa sampuli moja mara mbili, nusu ipake rangi ya kijani, nusu ya zambarau, changanya, kisha endelea na protokali yako kama kawaida. Jozi yenye rangi zote mbili imezaliwa mikononi mwako, haikutoka mwilini kwa mgonjwa. Zikiwa nyingi, usimlaumu mtu, punguza kusokota kwa nguvu kwenye sentrifuji, weka DNase (kimeng'enya kinachokata DNA ya seli zilizokufa inayogandisha nyingine), seli zikae kwenye barafu. Na EDTA, ile kemikali ya kuzuia damu kuganda, uifikirie mara mbili, inanyonya kalsiamu na magniziamu, na ile protini ya LFA-1 inayoshikilia seli T bila magniziamu haishiki vizuri, kwa hiyo unaweza ukavunja hichohicho unachokitafuta.

Vijana tunapenda sana kulilia mashine ambazo hatuna huku data ya kwenye folda hatujaifungua tangu mwaka juzi. Fungua mafaili ya zamani leo, ondoa geti la dableti, tafuta CD3 (alama ya seli T) na CD14 (alama ya monosaiti) pamoja. Ukikwama nitumie grafu nikuangalizie, ila tafadhali sio picha ya skrini uliyoipiga kwa simu.