Vibubu na wanasesere wa dhihaka: kwa mnaoanza kazi kwenye ghala la makumbusho

Ndugu zangu mnaoanza kazi kwenye makumbusho ya Marekani na Ulaya, siku moja mtafungua boksi mkute kibubu au mwanasesere wa kuwadhihaki watu weusi: uso mweusi tii, macho yaliyotoka, na midomo iliyopakwa nyekundu hadi karibu na masikio. Ukiwa wewe mwenyewe ni mweusi, kifua kitakubana. Wengi hapo hufunga boksi haraka, au huandika mstari mmoja kwenye orodha na kupita. Naelewa kwa nini, lakini kwa namna zote mbili ushahidi unapotea.

Jambo ninalowasisitizia ni moja. Kile kidude hakikuambii lolote kuhusu watu weusi. Kinakuambia habari za aliyekitengeneza, aliyekiuza, na mzazi aliyemnunulia mwanawe. Ukilishika hilo, hata fomu utaijaza kwa namna nyingine.

Chukua mfano wa kibubu cha chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) ambacho kampuni ya Shepard Hardware ya Buffalo, New York, ilikipatia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1882. Jina kilichouzwa nalo lina tusi, na sitaliandika hapa. Ni kichwa na kifua cha mtu mweusi, mkono mmoja umekunjuliwa mbele. Mtoto anaweka sarafu kiganjani, anabonyeza kishikio kidogo nyuma ya bega, mkono unapanda hadi mdomoni, ulimi unarudi ndani na sarafu, macho yanajiviringisha. Kiwanda cha J. & E. Stevens huko Cromwell, Connecticut, nacho kilitengeneza vibubu vya namna hiyo, na Uingereza vikatoka kwa John Harper wa Willenhall. Fikiria maana yake: mtoto alifundishwa kuweka akiba, na kila senti aliyoweka ilimpa kicheko juu ya mtu mweusi mlafi. Somo hilo lilirudiwa sebuleni, kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa angalia kadi za zamani za orodha ya makumbusho zinavyoandika: "Mtu mweusi mwenye midomo mikubwa." Sentensi hiyo inarudia tusi la kiwanda kwa sauti ya makumbusho. Andika hivi: "Kibubu cha chuma, kikaragosi cha mtu mweusi. Mtengenezaji ameikuza midomo na kuipaka nyekundu." Hapo aliyetenda anaonekana. Lile jina la kiwandani liandike kamili, ndani ya alama za kunukuu, kwenye nafasi yake ya jina la kihistoria. Ukilifuta, mtafiti hatakipata, na kampuni itabaki safi kuliko ilivyokuwa. Ila lisiwe kichwa cha rekodi, wala lisibandikwe nje ya boksi ambalo kila mhudumu atalipita.

Andika pia uchakavu. Mahali rangi ilipolika, kwenye kishikio na kwenye kiganja, ndipo vidole vilipopita. Usisafishe. Na usikibonyeze ili kuwaonyesha wageni: springi ya ndani ni kuukuu, na watu hucheka kabla hawajafikiri. Nimeona wageni watu wazima wakicheka hivyo, kisha wakanyamaza kwa aibu. Kama ni lazima wauone mtambo ukifanya kazi, irekodiwe video mara moja, ioneshwe pamoja na maelezo.

Mtakutana na bandia nyingi. Kaguzi ya kwanza ni skrubu: zile za nyota zilianza kusambaa miaka ya 1930, kwa hiyo kibubu cha 1882 chenye skrubu ya nyota kimetungwa juzi au kimefunguliwa na kufungwa upya. Kisha pima kitako. Nakala iliyosubiwa kutokana na kalibu ya kibubu halisi huwa ndogo kidogo, kwa sababu chuma hunywea kinapopoa. Watu wa fani hii huchora mzingo wa kitako kwenye karatasi na kulinganisha. Kutu ya rangi ya machungwa inayotoka kama vumbi nayo ikutie shaka. Lakini bandia usiitupe! Aliyeisubu miaka mingi baadaye alijua yuko mtu wa kuinunua, na huo nao ni ushahidi.

Wanasesere wa Golliwogg, wale wenye uso mweusi wa kikaragosi, wana ugumu wao. Florence Kate Upton alimchora mhusika huyo kwenye kitabu cha watoto mwaka 1895, na kwa kuwa hakumlinda kisheria, viwanda vikamchukua bure. Kampuni ya jemu ya Robertson's ilimtumia tangu 1910 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo atakuja bibi wa Kiingereza, amebeba mwanasesere aliyelala naye utotoni, atakwambia hakuwa na nia mbaya. Msikilize, uandike maneno yake. Halafu tafuta maneno ya mtoto mweusi aliyeitwa jina hilo uwanjani shuleni miaka ileile, nayo uyaandike kwenye faili lilelile. Kumbukumbu ya bibi haifuti ya mwenzake.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa kwa uzito wake, na asome habari za Jim Crow Museum ya Chuo Kikuu cha Ferris State, Michigan (Jim Crow ni jina la mfumo wa zamani wa ubaguzi wa rangi Marekani). Mwanzilishi wake, David Pilgrim, ni mwanasosholojia mweusi. Akiwa mtoto huko Mobile, Alabama, alinunua kikorokoro cha aina hii na kukivunja palepale chini. Baadaye akawa anavinunua ili avitunze, na mwaka 1996 akakikabidhi chuo mkusanyo wake wa vitu vipatavyo 2,000. Pale vitu vya dhihaka haviachwi peke yake. Nanyi fanyeni hivyo: karibu na kikaragosi, wekeni habari za R. H. Boyd wa Nashville, aliyeuza wanasesere weusi wenye heshima zao mwanzoni mwa karne ya 20.

Wanasesere wa seluloidi watengeni na vitu vingine. Plastiki hiyo ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma na nguo zilizo jirani, tena inashika moto upesi.

La mwisho ni lenu wenyewe. Msifungue maboksi haya peke yenu siku nzima, ombeni mwenzenu. Na ukiwa mweusi pekee ofisini, utaulizwa: "Wewe unaonaje, tukioneshe?" Jibu ukitaka, maana una haki ya kusema na una haki ya kunyamaza. Lakini uamuzi wa kuonesha au kutoonesha ni wa kamati, na uandikwe kwa sahihi za wanakamati wote.