Feni zinazunguka, skrini nyeusi: anzia hapa

Ilikuwa saa nne usiku. Nimekaa sakafuni, maboksi matupu kila upande, bisibisi mkononi. Nikabonyeza kitufe cha kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe: feni zote zikazunguka, taa zikawaka, ila skrini ikasema haipati mawimbi, kisha ikajizima. Vifaa vile nilivinunua kimoja kimoja Kariakoo kwa miezi minane. Kuna ubaridi fulani unaoingia tumboni dakika ile.

Kama uko hapo sasa hivi, tafadhali usinunue kitu chochote usiku huu. Fundi mmoja niliyempigia simu aliniambia mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, imekufa, nitafute nyingine. Ningemsikiliza, zaidi ya laki mbili zingepotea bure. Feni kuzunguka ni dalili kwamba umeme umefika, basi. Hakuthibitishi kwamba kompyuta imeamka, wala skrini kuwa nyeusi hakuthibitishi kwamba kuna kilichoungua.

Tazama kwanza waya wa skrini umechomekwa wapi. Prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 5 5600, ambayo haina sehemu ya picha ndani yake, sawa na zile za Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F. Ukiwa na prosesa ya aina hiyo, tundu la HDMI la kwenye mazabodi halitoi picha hata kidogo. Waya unatakiwa uingie kwenye kadi ya picha yenyewe. Mimi nilikuwa nimechomeka kwenye mazabodi. Nikahamisha, giza likabaki vilevile.

Umeme nao uko sehemu zaidi ya moja. Mbali na ule waya mnene wa pini 24, prosesa ina waya wake wa pini 8 (mazabodi nyingine 4), unaoingia juu pembeni, mahali ambapo mkono haufiki vizuri kasha likishafungwa. Ukisahau huo, feni zitazunguka kama kawaida na hutaona kitu. Kadi ya picha ikiwa na tundu lake la umeme, nalo lazima lijazwe.

Sasa RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu ya muda, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Zima pawasaplai (kile kisanduku kinachogawa umeme), chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Nilipomulika kwa tochi ya simu niliona upande mmoja wa RAM umezama hadi chini, na upande wa pili ile mistari ya dhahabu bado inachungulia, unene wa ukucha hivi. Kibano cha upande huo hakikuwa kimefunga. Nilikuwa nimeogopa kukandamiza nisije nikavunja kitu. Kandamiza. Dole gumba moja kila ncha, shuka sawasawa, mpaka usikie *tak*. Mazabodi ikiwa na nafasi nne na wewe una RAM mbili, mara nyingi zinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kijitabu chake kinaonyesha. Bado giza? Jaribu na moja tu, kisha badilisha kwa nyingine.

Kwangu mimi *tak* ile ndiyo iliyoleta picha.

Kwako inaweza isitoshe. Mazabodi nyingi zina vitaa vidogo vilivyoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuwashia). Kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuonyesha pa kuchimba. Kama RAM ni ya kizazi cha DDR5, mara ya kwanza subiri dakika kadhaa kabla ya kuzima, maana mashine huwa inajipima nayo. Unaweza pia kutoa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, waya wa ukutani ukiwa umechomolewa, ili mipangilio ya BIOS, ile programu ya mazabodi inayoamsha mashine, irudi mwanzo. Na ukinunua mazabodi iliyokaa dukani muda mrefu, mathalani B450 ya mwaka 2018, kumbuka Ryzen za 5000 zilikuja baadaye, mwaka 2020. BIOS ya zamani haizitambui. Mwombe muuzaji aisasishe ukiwa umesimama pale pale, kabla hujatoa hela.

Yote yakishindikana, toa mazabodi kwenye kasha, ilaze juu ya boksi lake la karatasi, ibakize na prosesa, feni yake, RAM moja na kadi ya picha. Picha ikitokea hapo, rudisha kifaa kimoja kimoja, ukiwasha kila mara, mpaka umnase mkorofi.