Maswali ya magemu: ukuta wa sufi nyekundu umegoma

SWALI: Mambo vipi anko. Nacheza Minecraft ya kompyuta, ile aina inayoitwa Java, nataka kujenga ukuta mkubwa wa sufi nyekundu bila kuweka bloku moja moja, nikacheki video moja inasema andika /setblock ~ ~ ~ wool 14 lakini kila nikibonyeza enta naletewa maandishi mekundu tu, dogo wangu anasema eti gemu letu bovu. Shida iko wapi?

JIBU: Poa mdogo wangu. Gemu lenu zima kabisa, video ndo imezeeka. Zamani sufi zote zilikuwa na jina moja, wool, halafu rangi unaitaja kwa namba kuanzia 0 mpaka 15, yaani 0 nyeupe, 4 njano, 14 nyekundu, 15 nyeusi. Lilipokuja toleo la 1.13 mwaka 2018 hizo namba zikafutwa, kila rangi ikapewa jina lake, kwa hiyo siku hizi unaandika /setblock ~2 ~ ~ red_wool basi. Mi naona afadhali hivi, nani alikuwa anakumbuka kwamba 9 ni ile samawati ya kijani?

Hivyo viwimbi vitatu maana yake "hapa nilipo". Cha kwanza ni mashariki na magharibi, cha kati ni juu na chini, cha mwisho ni kusini na kaskazini. Nimekuwekea ~2 makusudi, ukiacha ~ ~ ~ bloku inatokea hapohapo miguuni pako.

Ila kwa ukuta achana na setblock, hiyo ni ya bloku moja. Tumia /fill, unaipa kona mbili yenyewe inajaza katikati: /fill ~2 ~ ~ ~2 ~4 ~9 red_wool. Hapo unapata ukuta wa bloku 5 kwenda juu na 10 kwa urefu, jumla 50. Ndiyo, 5 na sio 4, sababu hesabu inaanzia sifuri, na hapa ndo watu wengi wanajikuta wana ukuta uliozidi bloku moja halafu wanalaumu gemu. Mwisho wa kujaza kwa mara moja ni bloku 32,768, ukizidisha inagoma.

Ukichoka na nyekundu usibomoe, rudi palepale uliposimama mwanzo, andika komandi ileile lakini mwishoni badala ya red_wool weka blue_wool replace red_wool, itabadilisha nyekundu tu, madirisha uliyotoboa na milango haiguswi. Na angalia sana, fill haina cha kurudisha nyuma! Ikipita kwenye sanduku lako la almasi, sanduku linapotea na vilivyomo. Ukiwa na wasiwasi malizia na neno keep, itajaza penye hewa tu. Na kabla ya kazi kubwa kopi dunia yako kwanza, mi hilo silijadili.

SWALI: Anko mimi nyekundu inakubali, bluu inakubali, ila grey_wool inakataa katakata.

JIBU: Andika gray, kwa a, gemu linatumia tahajia ya Marekani. Ile ya kijivu hafifu ni light_gray_wool. Ukianza kuandika jina bonyeza Tab likumalizie, utaokoa muda.

SWALI: Dunia yangu niliianzisha bila chiti, sasa nikiandika komandi inakataa. Ndo nianze upya?

JIBU: Usianze upya bwana. Kwa Java bonyeza Esc, ingia Open to LAN, washa sehemu ya kuruhusu komandi halafu endelea. Ukitoka kwenye dunia ruhusa inaisha, ukirudi unawasha tena.

SWALI: Nimeweka red_concrete_powder hewani ikaanguka yote chini, kwa nini?

JIBU: Hiyo ni zege ya unga, inaanguka kama mchanga mpaka iguse maji ndo inaganda. Toa powder, andika red_concrete, itakaa hewani bila shida.