Muhuri Hauombwi kwenye Ukurasa Mweupe

Walioliona daftari langu la mihuri ya mahali ninapotembelea huniuliza swali lilelile: "Linauzwa wapi?" Haliuzwi. Marekani kuna kitabu maalumu cha hifadhi za taifa tangu 1986. Unakwenda nacho, unakuta muhuri wenye jina la mahali na tarehe, unajigongea na safari inaendelea. Japani mahekalu hukugongea muhuri mwekundu na kukuandikia kwa brashi ya wino mweusi, kwa ada ndogo. Wanaotembea kwa miguu kwenda Santiago de Compostela kule Hispania hubeba kijitabu cha kugongewa njiani, na bila mihuri hiyo hawapewi cheti wakifika. Hapa Bagamoyo daftari unalitengeneza mwenyewe, na muhuri utakaogongewa mara nyingi ni wa ofisi, uleule wa kwenye barua za kikazi. Ushauri wangu karibu wote unatokana na jambo hilo moja.

Kwanza tulimalize la pasi. Usithubutu kutoa pasi yako ya kusafiria igongwe muhuri wa ukumbusho. Pasi ni mali ya serikali, na kurasa zake ni za uhamiaji na viza tu. Wapo wasafiri waliosumbuliwa mipakani kwa sababu ya mihuri ya utalii, kama ule wa Machu Picchu kule Peru. Bagamoyo unatoka Dar asubuhi kwa basi na jioni umerudi, sasa pasi ya nini? Iache kabatini, beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni na mlangoni watataka uthibitishe.

Sasa tuje kwenye muhuri wenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kijana mmoja kwenye ofisi ya makumbusho, sitaitaja. Akafungua ukurasa mweupe pee, akausukuma mezani. "Mzee, naomba unigongee muhuri hapa."

Mzee akavua miwani. "Nigonge juu ya nini, mwanangu? Mbona hapajaandikwa kitu? Kesho ukiandika hapo juu kwamba nimekuuzia kiwanja, mimi nitajitetea vipi?"

Tulicheka sote, ila mzee hakuwa anatania. Mtu aliyefanya kazi ya ofisi anajua muhuri ukishakaa kwenye karatasi tupu, karatasi hiyo inaweza kugeuka barua yoyote: ya utambulisho, ya mkopo, ya mauziano. Anayekukatalia hana roho mbaya. Analinda kibarua chake.

Kwa hiyo ukurasa wangu huwa nimeshauandika kabla sijafika mezani. Juu naweka jina la mahali na tarehe, chini yake maneno "Kumbukumbu ya kutembelea", halafu aya moja au mbili za nilichokiona. Upande wa kulia, chini, naacha mraba wa upana wa vidole vinne. Nafasi nyingine yoyote iliyobaki naifunga kwa mstari wa mshazari, kama tunavyofunga hundi au fomu, ili asiweze mtu kuchomeka neno. Ilipofika zamu yangu nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba, akauchukua ukurasa na kuusoma kwa sauti ya chini mstari kwa mstari. Akanisahihisha mwaka mmoja kwa kalamu yake nyekundu. Ndipo akafungua droo kwa ufunguo, akatoa muhuri wa mpira ule wenye tarehe za kuzungusha, na tarehe zikawa zimekwama mwezi uliopita. Akazisukuma kwa ncha ya kalamu, akaupulizia mpira pumzi ya moto, akajaribu kwanza kwenye gazeti. Yule kijana alikuwa bado amesimama pembeni. Mzee akamwita, "Na wewe, keti pale uandike ulichokiona, nitakugongea."

Utaratibu huu una faida ya pili ambayo mimi naiona kubwa kuliko muhuri: huwezi kuandika aya mbili kama umepita mbiombio. Nimeona watu wakizunguka Bagamoyo nzima kwa bajaji kabla ya saa sita mchana, mihuri wameikamata, lakini ukiwauliza kwenye magofu ya Kaole kuna misikiti mingapi wanatazamana.

Kuhusu daftari, kauntabuku ya kwaya mbili ni rahisi kupata, ila karatasi yake nyepesi na wino wa muhuri hupenya hadi upande wa pili. Ukiitumia, andika upande mmoja tu. Mimi huenda stesheneri, naomba karatasi nzito kuliko ile ya kawaida ya fotokopi, zikatwe nusu, zifungwe springi na jalada la manila. Springi inasaidia daftari lilale bapa mezani. Daftari linalojikunja humpa anayegonga taabu, na muhuri unatoka nusu. Epuka karatasi za kung'aa, wino haukauki juu yake. Beba vipande vya karatasi ya chooni uviweke kati ya kurasa, kwa sababu pwani kuna unyevu na ukifunga daftari mapema muhuri wa leo utajichapa juu ya maandishi ya jana. Wengine hubeba na kidau chao cha wino. Si vibaya, maana utakuta ofisi ina muhuri lakini kidau kimekauka tangu masika.

Kitu kingine: usianze na daftari lako, anza na lao. Karibu kila ofisi ina kitabu cha wageni. Andika jina lako lisomeke, unakotoka, kusudi la safari, weka saini. Tuna mazoea ya kukijaza kile kitabu kwa kukwaruza tu, na safu ya "maoni" tunaandika "nzuri". Andika sentensi ya maana. Ukishaacha mwandiko wako kwao, kuwaomba nao waache alama kwako si jambo geni tena.

Kwa njia, mimi huanza Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, asubuhi kabla jua halijapanda. Bodaboda au bajaji zinakwenda, patana na dereva akusubiri au arudi kukuchukua. Magofu ni ya misikiti miwili na makaburi yapata 30, ya kati ya karne ya 13 na ya 16. Neville Chittick, mwanaakiolojia, alifukua hapo mwaka 1958. Simama kwenye makaburi ya nguzo utazame juu: utaona vishimo vya mviringo kwenye mawe ya matumbawe. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, na vipande vyake viko kwenye nyumba ndogo ya makumbusho hapohapo. Mtu akiandika hilo tu kwenye ukurasa wake, kaure ya China juu ya kaburi la Mswahili wa Kaole, ameshaandika habari ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mwongozaji atakuonyesha na mbuyu mkubwa, kisima, na kaburi la Sharifa ambalo mpaka leo watu huja kuomba dua. Ukiwakuta watu kwenye dua, kaa mbali na simu yako mfukoni. Kiingilio kinamnunulia mtu ruhusa ya kuangalia. Hakimfanyi mwenye mji.

Na tafadhali, pasipo na muhuri usijitengenezee. Kuna mtindo wa kuweka karatasi juu ya jiwe lenye nakshi na kusugua kwa penseli au mkaa ili sura itokee. Kwenye matumbawe na chokaa ya karne nyingi, msuguo huo unakwangua. Chora kwa mkono. Mchoro mbaya hauna hasara kwa mtu, na mchoro wangu wa ile nguzo ya Kaole unafanana na mchi, lakini kila nikiuona nakumbuka kivuli kilikaa upande gani.

Kutoka Kaole narudi hadi Misheni ya Kikatoliki. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na makumbusho yao yana mengi ya biashara ya watumwa, minyororo ikiwemo. Hapa tenga muda. Nje kuna mbuyu uliomeza mnyororo uliokuwa wa kufungia punda; kinachoonekana sasa ni kipande kifupi cha chuma kinachochungulia kwenye gome. Jirani na hapo ni mnara wa kanisa la kale, ambamo maiti ya David Livingstone ililazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja na hatimaye kuzikwa Westminster Abbey, London, mwezi Aprili. Kila mtu anaandika Livingstone. Mimi nashauri uandike Chuma na Susi, kwa sababu ndio walioongoza msafara uliobeba mwili ule kutoka Chitambo, Zambia ya leo, kwa miguu, miezi kadhaa, mpaka pwani. Mnara ukaitwa jina la aliyebebwa. Kwenye daftari lako hakuna anayekuzuia kuyaweka majina ya waliobeba.

Misheni ni mali ya kanisa na ni mahali pa ibada. Jumapili asubuhi usiende kuomba muhuri. Vilevile, ofisi nyingi za mjini Ijumaa mchana husimama kwa sala. Panga safari yako hivyo, usilaumu watu.

Mji Mkongwe unautembea kwa miguu: Ngome Kongwe, Boma ya Mjerumani iliyojengwa 1897, Caravan Serai walipofikia wapagazi wa misafara kutoka bara, makaburi ya Wajerumani. Mji huu ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam. Muhuri hutaupata kila kituo, na si lazima. Nenda Posta badala yake. Nunua stempu, ibandike kwenye ukurasa ulioandikwa, omba kwa adabu igongwe. Muhuri wa Posta una jina la mji na tarehe, na kazi yake ndiyo hiyo, kugongwa juu ya stempu, hivyo karani hana cha kuogopa. Au jiandikie postikadi uitume nyumbani kwako, utaibandika ikifika.

Risiti pia zina nafasi yake. Siku hizi maeneo ya serikali wanakupa kontrolo namba, unalipa kwa simu, unachapiwa risiti yenye jina la kituo na tarehe. Inavutia kuibandika, lakini karatasi ya mashine hufifia. Kwenye joto la Dar utakuta imebaki nyeupe na gundi yako. Itoe kopi siku hiyohiyo, bandika kopi. Tiketi za kuchapwa kiwandani hazina shida hiyo.

Ukienda na watoto, kila mmoja awe na daftari lake na aombe muhuri mwenyewe. Mpwa wangu wa darasa la nne, mtoto asiyefungua mdomo mbele ya wageni, alijifunza kusema "Shikamoo mama, naomba unisomee nilichoandika" kabla ya kusema habari ya muhuri, na sijaona ofisi iliyomkatalia. Ila usiwaburute vituo vinne kwa siku. Viwili na samaki wa kukaanga pale sokoni ufukweni vinatosha. Cha tatu wanaandika "tulichoka".

Wakikukatalia kabisa, na wapo watakaokukatalia, usibishane wala usitoe hela. Muhuri wa kununua kwa mlango wa nyuma ni rushwa hata kama ni wa kumbukumbu. Omba mwongozaji aliyekutembeza aweke saini na neno moja, na mraba ule ubaki mtupu.

Ukimaliza Bagamoyo na daftari bado lina kurasa, kaskazini kuna Tanga. Chukua barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ukadake mabasi yanayopanda Segera. Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, yana makaburi ya nguzo ya kulinganisha na ya Kaole. Ukipata nafasi pita na Pangani, ambako Bushiri bin Salim alinyongwa Desemba 1889 baada ya vita alivyowapiga Wajerumani, Bagamoyo ikiwemo. Mapango ya Amboni yawekee siku yake peke yake, na daftari lifunge kwenye mfuko wa nailoni, humo ndani kuna unyevu na popo.