Ndui inavaa nguo ya nani? Masuali yenu na majibu

Nimeandika kidogo kuhusu ndui na jamaa yake mpox, masuali yakamiminika. Leo najibu yale yanayohusu ule utando unaokizunguka kirusi, unatoka wapi. Mengine subirini.

Nasikia kirusi cha ndui hakina ngozi yake mwenyewe, kinaiba kwenye seli zetu. Kweli au maneno ya WhatsApp? (Wete)

Kweli. Utando ni mafuta na protini, na kirusi hakina kiwanda cha mafuta, kwa hio mafuta lazma yatoke kwa mwenye nyumba, kirusi kinakuja na protini zake tu za kupachika. Virusi vingi vya DNA vinakimbilia kwenye kiini cha seli, familia hii ya ndui haina habari na kiini, inafungua karakana yake nje ya kiini, pale kwenye saitoplazimu, na kitambaa cha kwanza inachukua kwenye zile nyavu za utando ziitwazo endoplazimu retikulamu. Haya tunayajua zaidi kwa vaksinia, kirusi cha chanjo ya ndui, maana ndui yenyewe ilitangazwa kumalizika duniani 1980.

Nimewafundisha wanafunzi kuwa virusi vinavaa utando vikiwa vinatoka kwenye seli, kama mafua. Ndui ni hivo hivo? (mwalimu, Mkoani)

Hapana mwalimu, na hapa ndo penye utamu. Kirusi cha mafua kinausukuma utando wa nje wa seli kwa ndani mpaka kinatoka kimejifunika, kama mtu kapita dirishani kaondoka na pazia. Ndui haingoji mlangoni. Inaukata utando ukawa vipande vyenye kingo wazi, jambo ambalo kwenye seli si la kawaida kabisa kwa sababu utando ukikatika hujiziba wenyewe haraka, ndo maana wataalamu walibishana miaka na miaka kama pale pana utando mmoja au miwili, mwisho ikaonekana ni mmoja. Kwenye hadubini ya elektroni unaona kama mwezi mwandamo, ila hio ni kwa sababu kimekatwa kipande chembamba, chenyewe khasa ni kifuu cha nazi. Nje ya kifuu imejipanga protini inaitwa D13 inashikilia umbo kama mirunda inavoshikilia zege bichi, kifuu kinakua mpaka kinakuwa dafu zima na DNA imefungiwa ndani, halafu mirunda inabomolewa na dafu linabadilika kuwa mfano wa tofali, urefu kama nanomita 360. Hapo kirusi tayari kinaweza kuambukiza, ila vichache huongezewa nguo nyengine juu. (Rifampisini, ile ile dawa ya TB, ukiiweka kwenye seli maabara D13 inashindwa kujipanga na utando unabaki umelegea kama kanga iliyoroa.)

Sasa kama hapo tayari kinaambukiza, nguo za ziada za nini? (Michenzani)

Vingi wala havivai, vinakaa ndani vikingoja seli ipasuke. Vichache ndo vinapelekwa kwenye Golji, pale seli inapofungia mizigo yake, au kwenye vifuko vya endosomu, vinazungushiwa utando tabaka mbili kwa mpigo mmoja, doti nzima! Jumla tatu. Vinapandishwa kwenye mikrotubuli, zile reli za ndani ya seli, mpaka ukingoni, vikifika mlangoni kanga ya nje inaungana na utando wa nje wa seli inabaki hapo hapo, kirusi kinatoka na mbili. Vyengine haviendi mbali, vinaganda juu ya seli, na seli yenyewe masikini inavijengea mkia wa aktini (nyuzi za protini) kwa chini unaovisukuma mpaka kwa jirani.

Faida yake ni kuwa kinatoka seli ingali hai, na ile kanga ina protini za mwenyeji kwa hio kinga ya mwili inapata tabu kukishika. Lakini ni nyepesi mno, inachanika, na lazma ichanike ndo utando wa ndani uungane na seli mpya. Kile kisichovaa doti ndo kigumu, kinakaa kwenye magamba ya vidonda na mashuka muda mrefu, ndo maana mashuka ya mgonjwa wa mpox hayakung'utwi.

Hakuna dawa ya kuzuia hio kanga? (bila jina)

Ipo, tekovirimati. Inaishika protini F13 ambayo bila yake doti haifungwi, na Marekani waliikubali 2018 kwa ajili ya ndui. Lakini ilipojaribiwa Kongo kwa wagonjwa wa mpox, majibu yaliyotoka 2024 yakaonesha vidonda havikupona haraka zaidi kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, vya kulinganishia. Mimi nilisikitika, maana kwenye karatasi inapendeza.

Tetekuwanga je? Linalochanganya ni jina lake la Kiingereza tu, chickenpox. Hio ni jamaa ya hepesi, ukoo mwengine.

Kuku wangu wametoka mapele usoni na kwenye vilemba, tutaambukizwa? (bibi, Makunduchi)

Hapana bibi, hio ni ndui ya kuku, ukoo ni huo huo lakini watu haiwashiki. Inaenezwa na mbu na kwa kudonoana, watenge wenye mapele, na lile dimbwi nyuma ya banda likaushwe.