Mdogo wako asimfiche kaka yenu kwenye fomu ya upekuzi

Ndugu yangu, umeuliza kama mdogo wako anayeomba kuingia UPDF, jeshi la Uganda, aandike kwenye fomu ya upekuzi, ile ya kuchunguza historia ya mwombaji, kwamba kaka yenu aliwahi kufungwa, au anyamaze. Aandike. Nakuambia kwa yaliyonipata mimi.

Mwaka 2008 nilikuwa Gulu, naomba kazi ya ulinzi kwenye kambi za Wamarekani kule Iraki. Kaka yangu alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, akatoroka, akapewa cheti cha msamaha chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2000 ya kuwasamehe waasi walioacha vita. Kwenye fomu, sehemu ya ndugu, sikumwandika kabisa. Niliogopa.

Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, niliipata siku ileile. Kwa GISO, afisa usalama wa serikali kwenye kata, ndipo nilipokwama. Kumbe alikuwa ameshapita mtaani: kamuuliza mama wa mandazi kama nalipa madeni, kamuuliza jirani nikinywa pombe nakuwaje. Akaweka kidole kwenye fomu, akauliza, "Na huyu mwingine mliyezaliwa naye yuko wapi?" Jasho likanitoka. Nikakimbia nyumbani kuleta kile cheti, kimekunjwa mara nne ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Akakisoma polepole, akanirudishia. Kilichomkera ni kwamba nimeficha. Kaka mwenyewe hakuwa tatizo. Nilingoja sahihi wiki sita, wenzangu wakatangulia.

Watu wanadhani upekuzi unatafuta ukoo usio na doa. Unachotafuta ni kama mtu atakayeshika bunduki, au ufunguo wa ghala la silaha, anaweza kubanwa na mtu mwingine. Mwenye deni la siri hununuliwa, na mwenye jambo alilolificha hutishwa nalo. Uingereza, ambako tangu 2017 sehemu kubwa ya kazi hii inafanywa na ofisi moja, UKSV, anayeombewa kibali cha usalama cha ngazi ya juu kabisa huhojiwa saa kadhaa, mpaka habari za mkopo na ndoa yake. Kwetu hapa inaanzia kwa LC1, inapita kwa GISO na DISO, afisa usalama wa wilaya, na muda wote majirani wanaulizwa.

Kwa hiyo mdogo wako aende na hati ya kaka yenu ya kuachiwa gerezani, na majina kwenye fomu yafanane herufi kwa herufi na ya kitambulisho cha taifa. Na kaka mwambieni mapema kwamba atatajwa. Wangu alisikia kwa watu kwamba nilimfuta kwenye orodha ya ndugu zangu, na hilo liliniuma kuliko zile wiki sita.